Vikombe mgongoni: uliza kabla ya kuvua shati

Kama unaumwa mgongo, shingo au bega, bila shaka jirani ameshakuambia: nenda ukaumikwe. Wengi wetu tunaijua tiba hii tangu kwetu. Waswahili wa pwani huita kuumika au kupiga chuku, kwa pembe ya ng'ombe. Wanyarwanda na Warundi husema kurumika, Waganda okulumika, na Waislamu wengi huita hijama. Siku hizi tiba hiyo imerudi na sura mpya: vikombe vya plastiki au vya kioo, pampu ndogo ya mkono, na mlangoni kibao kilichoandikwa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo. Wenzetu wanaotumwa Kampala kwa matibabu hurudi na alama za mviringo mgongoni, na wengine wanauliza mbona kituo chetu cha afya hakina vikombe.

Maoni yangu ni haya. Kikombe kikavu, mikononi mwa mtaalamu, kinaweza kuwa msaada mdogo pembeni ya mazoezi. Kikombe cha damu, kile cha kuchanjwa kwa wembe mtaani, kikatae hata ukipewa bure.

Kikombe kikavu hufanya nini? Hewa ikitolewa ndani yake, ngozi huvutwa juu, damu hujaa mahali pale na mishipa midogo hupasuka. Ile alama nyeusi au nyekundu ni damu yako mwenyewe iliyovuja chini ya ngozi, kama ukijigonga mlangoni. Hupotea baada ya siku kadhaa, pengine wiki mbili. Baadhi ya uchunguzi umeonyesha kwamba maumivu ya shingo na mgongo hupungua kwa muda mfupi, lakini uchunguzi huo mwingi ni mdogo na hauna nguvu ya kutosha. Mwaka 2016, kwenye Olimpiki ya Rio, dunia nzima iliona alama hizo mabegani mwa muogeleaji Michael Phelps wa Marekani, na tangu hapo watu wengi walitaka vikombe. Wachache walikumbuka kwamba mtu yule alikuwa pia akifanya mazoezi kwa saa nyingi kila siku.

Na hapo ndipo penye tiba. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno mwaka 2020. Mwezi Desemba 2023 lilitoa mwongozo kuhusu maumivu ya kiuno ya muda mrefu, na kati ya mambo linayoyapendekeza ni mazoezi na kumfundisha mgonjwa namna ya kujitunza. Wewe unayebeba jerikani la lita 20, yaani kilo 20 za maji, kila asubuhi, au unayelima ukiwa umeinama, mgongo wako unahitaji misuli yenye nguvu na namna nyingine ya kunyanyua mzigo. Kikombe hakikufundishi hayo. Kama kinakutuliza ili uweze kuanza mazoezi, sawa. Lakini ukilazwa, ukawekewa vikombe, ukalipa na kuambiwa urudi wiki ijayo bila kuonyeshwa zoezi hata moja, hiyo siyo tiba ya viungo. Umenunua usingizi wa nusu saa.

Sasa kuhusu damu. Watu husema damu chafu imetoka, tena huonyeshwa donge jeusi ndani ya kikombe. Nenda kwa mchinjaji uangalie damu ya mbuzi kwenye beseni: baada ya dakika chache nayo huganda na kuwa nyeusi, hata kama mbuzi alikuwa mzima kabisa. Kazi ya kusafisha damu hufanywa na figo na ini, usiku na mchana. (Si bure kwamba mtu anayetia chumvi kwenye maneno yake tunasema anapiga chuku.)

Hatari yenyewe iko kwenye wembe na kikombe kilichotumika kwa mwingine. UKIMWI tunaujua. Homa ya ini aina ya B wengi hawaifikirii, na virusi vyake vinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 au zaidi vikiwa na uwezo wa kuambukiza. Uganda ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya ugonjwa huo mwaka 2002, kwa hiyo mtu mzima aliyezaliwa kabla ya hapo huenda hana kinga. Kumbuka pia Ebola iliyotangazwa Kampala Januari 2025, ikaisha Aprili mwaka huohuo: nayo hupita kwenye damu. Mama mjamzito, mtoto, mwenye upungufu wa damu, mwenye siko seli, yaani selimundu, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, hao wasichanjwe kabisa.

Hata hivyo sikubaliani na wahudumu wa afya wanaomgombeza mgonjwa kwa sababu ameumikwa. Akigombezwa leo, kesho ataficha. Mwaka 1992, UKIMWI ulipokuwa ukiua watu wengi Uganda, mashirika ya TASO na Médecins Sans Frontières yalianzisha THETA mjini Kampala ili waganga wa jadi na madaktari wafanye kazi pamoja. Kama iliwezekana wakati ule mgumu, sisi tunashindwaje kumuuliza mama kwa upole ni nani aliyemweka vikombe, na kwa wembe gani?

Kwa hiyo ukifika kituoni sema wazi. Kama umeshachanjwa, omba upimwe UKIMWI na homa ya ini, na uulize kuhusu chanjo. Usingojee kikombe wala mazoezi ukiwa na ganzi katikati ya mapaja, miguu ikikosa nguvu, mkojo ukikutoka bila kujua, au kama maumivu yalianza baada ya kuanguka: njoo siku hiyohiyo. Ukitoka jasho usiku, ukipata homa na kukonda, njoo pia mapema, maana kifua kikuu huingia hata kwenye uti wa mgongo.

Ukipewa rufaa ya kwenda Mulago, nenda idara ya fiziotherapia, usivutwe njiani na kibao chochote. Ukienda kwa mwingine, una haki ya kuomba kuona leseni yake ya mwaka huu. Na kabla hujaondoka, mwombe mtaalamu akuandikie au akuchoree mazoezi kwenye karatasi, mara ngapi kwa siku na kwa wiki ngapi. Ilete hapa kituoni pamoja na barua ya rufaa, tukusaidie kuyaendeleza.