Mazoezi yaingie kwenye matibabu ya saratani

Mfanyabiashara wa mpakani anaijua gharama ya saratani hata kama mwenyewe hajaugua. Ameona mtaji wa mwenzake ukiishia kwenye nauli, vipimo na dawa. Ameona meza ya sokoni ikifungwa kwa sababu mwenyewe yuko Ocean Road, Mulago au Nairobi. Ndiyo maana habari kwamba mazoezi yanaweza kusaidia dhidi ya ugonjwa huu inatuhusu sisi pia, si wanariadha peke yao.

Mwaka 2016 watafiti wa Copenhagen, Denmark, wakiongozwa na Pernille Hojman, walichapisha matokeo ya utafiti wa panya waliowekewa magurudumu ya kukimbilia. Uvimbe wa saratani kwa panya waliokimbia ulipungua kwa zaidi ya asilimia 60 ukilinganishwa na wale ambao hawakukimbia. Maelezo yao yalikuwa hivi: adrenalini, homoni inayouendesha moyo mbio mtu anapokimbia au kushtuka, iliziingiza kwenye damu seli za kinga zenye kazi ya kuua seli zilizoharibika. Misuli nayo ilitoa kemikali iitwayo intaleukini-6, iliyosaidia seli hizo kuufikia uvimbe. Watafiti walipoizuia adrenalini, faida ya kukimbia ilififia.

Panya si binadamu. Lakini Juni 2025 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana, wengi wao wa Canada na Australia. Wote walikuwa wamefanyiwa upasuaji na kumaliza kemotherapi. Kundi moja lilipewa vijitabu vya ushauri wa afya. Kundi la pili lilipangiwa mazoezi kwa miaka mitatu, likiwa na mtaalamu wa kulisimamia. Baada ya miaka minane, takriban wagonjwa 90 kati ya kila 100 wa kundi la mazoezi walikuwa hai, dhidi ya 83 wa kundi la vijitabu. Na mazoezi yenyewe hayakuwa ya ajabu. Kutembea kwa haraka kwa dakika 45 hadi 60, mara tatu au nne kwa wiki, kulitosha kufikia lengo.

Utafiti huo haukuthibitisha ni homoni ipi iliyofanya kazi hiyo. Kwa hiyo atakayekuja sokoni na kidonge au unga akidai una "homoni ya mazoezi" inayotibu saratani, asipewe hata shilingi. Tena wagonjwa wale walitibiwa kwanza hospitali, kisha wakafanya mazoezi. Hakuna aliyeacha dawa akaenda kutembea. Na saratani ya mlango wa kizazi, inayowamaliza mama na dada zetu wengi katika ukanda huu, husababishwa na virusi vya HPV. Kinga yake ni chanjo na uchunguzi wa mapema, na hakuna mbio zinazoweza kuchukua nafasi ya hivyo viwili.

Hata hivyo, tahadhari hizo zisiwe kisingizio cha serikali zetu kukaa kimya. Mwaka 2016 mashine pekee ya tiba ya mionzi nchini Uganda iliharibika, na baadhi ya wagonjwa wakalazimika kupelekwa Nairobi. Somo lilikuwa wazi kwamba saratani inavuka mipaka pamoja na wagonjwa wake. Tangu wakati huo Uganda imepata mashine mpya, na taasisi yake ya saratani ya Mulago ni kituo cha umahiri cha Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Tunaitaka Jumuiya ichukue hatua inayofuata. Hospitali zote za saratani katika nchi wanachama ziwe na mtaalamu wa mazoezi anayempangia mgonjwa ratiba kulingana na hali yake, kwa kuwa si kila mwili unaweza kila zoezi, na katika utafiti ule baadhi waliumia misuli na viungo. Ratiba hiyo iandikwe kwa Kiswahili, ili mgonjwa aliyetibiwa Kampala aendelee nayo akirudi Bukoba au Goma. Mshahara wa mtaalamu mmoja hauwezi kufananishwa na bei ya mashine ya mionzi.

Vituo vya huduma za pamoja mpakani navyo vilijengwa kwa kuyafikiria malori zaidi ya watu. Dereva aliyekaa kwenye usukani siku nzima anafika Malaba au Rusumo na kuendelea kukaa akisubiri karatasi. Njia salama ya kutembea, yenye taa, ingemfaa yeye na mchuuzi pia.

Nasi wafanyabiashara tuna sehemu yetu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa kuchangamsha mwili kila wiki, na kazi za mwili zinahesabika. Anayevuka Busia kwa miguu na mzigo wake huenda tayari anafikisha. Anayeshinda dukani au kwenye gari, bado. Vyama vyetu vya akiba hukutana kila wiki. Vianze na nusu saa ya kutembea, na siku hiyohiyo vikumbushane nani hajaenda kupima.