Mgagani ulivyoniumbua ukweni

Jamani, wiki hii nina kisa cha kujicheka mwenyewe. Mie mtoto wa Sinza, mchumba wangu Muha wa Kasulu. Januari nikapelekwa kutambulishwa kwa mama yake. Nilijiandaa kwa kila kitu: vitenge, kupiga magoti, kusema kidogo. Mgagani sikuujiandaa nao.

Mgagani si mnaujua? Ule mmea wa mboga, jani lake limegawanyika kama vidole, mara nyingi vitano, shina lina vinyweleo vinavyonata na harufu kali ile mbaya. Warundi wanauita isogi, Waluo akeyo, Wakisii chinsaga. Linnaeus wa Uswidi aliuandika kitabuni mwaka 1753, ati ndiyo ukajulikana. Bibi zetu walikuwa wameshaupika zamani. Ua lake sasa! Petali nne nyeupe, nyingine zina uwaridi, na katikati nyuzi ndefu zimechomoza kama masharubu ya paka. Ungeniletea shada lake ningekubali posa siku hiyohiyo.

Wifi yangu wa Kibondo alishanipa somo kwenye simu. Mgagani unataka jua na samadi, mbegu ifukiwe juu juu tu. Wiki ya nne mpaka ya sita unaanza kuchuma. Kata ncha ili uchipue pembeni, maana ukishachanua majani yanadogoka na uchungu unazidi.

Basi asubuhi ya pili mama mkwe kaenda sokoni, nikaona ndiyo nafasi ya kujishaua. Nyuma ya nyumba tuta moja limechanua lote. Nikasema, maskini mama, kasahau kuchuma. Nikang'oa mstari mzima, nikachambua, nikabandika sufuria. Nilichemsha mboga, na mwenyewe nikachemsha.

Mama aliporudi akasimama palepale tutani. Heri angefoka.

"Mwanangu," akasema polepole, "ile ilikuwa mbegu."

Nikatamani ardhi inimeze. Kumbe haikuwa mimea ya kuokoteza. Alichagua iliyochelewa kuchanua, kwa sababu ndiyo inayotoa majani muda mrefu, na kila msimu anarudia kuchagua hivyo. Anangoja viganda vyake vyembamba viwe vya njano, anavivuna kabla havijapasuka na kumwaga vile vimbegu vyeusi. Tena mbegu mbichi haina maana, huota kwa shida, inataka kupumzika miezi kadhaa kwanza. Anayetaka kupanda Oktoba lazima avune mapema. Mie nilikuwa nimeiweka Oktoba yake jikoni.

Mboga aliipika yeye. Akamwaga maji ya kwanza ya uchungu, akatia karanga za kutwanga, akasema yangekuwepo maziwa ingekuwa tamu zaidi. Tukala na ugali. Mchumba wangu alikula kwa bidii sana bila kunitazama. Kiporo chake kesho yake kilikuwa kitamu kupita cha usiku, ila nilikila nimesimama, begi mkononi, nawahi basi la Kibondo.

Maana usiku ule niliuliza kama kuna mtu aliyewahi kupewa mbegu ile. Mama akafikiri, akasema wifi yako, mwaka juzi. Wifi alicheka mpaka akakaa chini, lakini alinipa, kiasi cha kujaza kiberiti. Vimbegu vyenyewe vimekunjamana kama konokono wadogo.

Mama alikipokea kile kiberiti kwa mikono miwili. Akakifungua, akanusa, kisha akachota kidogo akanifungia kwenye pindo la kanga yangu. Hakusema kitu. Posa ilipokelewa mwezi uliofuata.

Sasa hapa Sinza nina ndoo nne za mgagani kibarazani. Tatu nachuma. Ya nne naitazama tu ikichanua, na yule dada wa genge la jirani ameshaniuliza mara mbili mbona naacha mboga inazeeka.