Timu Si Kibanda

Kila nikilalamika kuhusu timu kuhamishwa, kuna msee ataniambia, "Soka ni biashara, zoea." Sizoei.

Chukua Wimbledon ya London, waliobeba Kombe la FA 1988 kwa kuipiga Liverpool 1-0. Mwaka 1991 waliacha uwanja wao wa Plough Lane, wakawa wapangaji kwa Crystal Palace. Na mpangaji, unajua, hana usemi. Mji wa Milton Keynes ulitaka soka ya ligi; wenye timu walitaka uwanja. Mwaka 2002 tume ya FA ikaruhusu uhamisho, 2003 wakahama, 2004 jina likawa MK Dons.

Mbona Milton Keynes wasianzishe timu yao wapande daraja kama wengine? Kwa sababu foleni ni ndefu. Kilichohamishwa pale si timu, ni nafasi kwenye ligi. Timu ilibaki London, haina mechi.

Usiniletee hadithi ya AFC Leopards. Ndiyo, ilikuwa Abaluhya hadi 1980, serikali ilipokataa majina ya kikabila. Jina lilienda, lakini mashabiki walibaki na Ingwe yao. Jina jipya haliui timu. Kuinyang'anya watu wake ndiko kunaiua.

Wale wa Wimbledon walikataa kunyang'anywa. Mwaka huohuo wa 2002 walianzisha AFC Wimbledon, wakaanzia daraja la tisa. Mwaka 2020 walirudi Plough Lane, kwenye uwanja mpya. Miaka 18! Niambie ni mteja gani wa biashara gani angengoja hivyo.