Si kila anayekuchapa ni mwizi

Wasee, tuongee ukweli kuhusu chesi ya mtandaoni. Siku hizi timu ikitolewa kwenye mchujo, kabla hata wachezaji hawajazima kamera, komenti zishajaa. "Hiyo ni injini." "Cheki macho yake." "Hakuna binadamu hucheza hivyo." Hakuna mtu amerudi kuangalia michezo yenyewe. Hakuna anayeuliza nani alipoteza farasi bure. Tumechapwa, kwa hivyo tumeibiwa. Stori imeisha.

Mimi naona hii tabia inaumiza mchezo karibu sawa na wezi wenyewe. Na najua mtanirushia 2020, kwa hivyo wacha tuanzie huko.

PRO Chess League ilikuwa ligi ya timu ya Chess.com, ya mtandaoni. Mechi moja ni watu wanne kwa wanne, na kila mmoja anakutana na kila mmoja wa upande ule mwingine. Hiyo ni michezo 16. Ukifikisha pointi 8.5, umeshinda. Septemba 2020 fainali ilikuwa Armenia Eagles na Saint Louis Arch Bishops wa Marekani, ambao walikuwa mabingwa watetezi. Saint Louis walikuwa na Wesley So na Fabiano Caruana, yule aliyegombea ubingwa wa dunia na Magnus Carlsen 2018. Wote wawili wakachapwa na Tigran L. Petrosian wa Armenia. Si yule Petrosian aliyekuwa bingwa wa dunia miaka ya sitini, ni majina tu yamefanana. Armenia wakashinda fainali.

Mashaka yakaanza. So mwenyewe akayasema hadharani. Petrosian akamjibu kwa hasira, na hilo jibu hadi leo ni meme, mnalijua. Siku chache baadaye ligi ikatangaza kwamba amevunja sheria za uchezaji wa haki kwenye nusu fainali na fainali. Akafungiwa maisha, timu yake ikaondolewa, Saint Louis wakapewa ubingwa. Yeye alikana.

Sasa, watu wengi walichukua somo moja tu hapo: "Unaona? Ukishuku, uko sahihi." Mimi nachukua mengine mawili.

La kwanza, fikiria wale wenzake wa timu. Hawakutajwa kwa kosa lolote, lakini pointi zao zote zilifutwa pamoja na zake. Hiyo ndiyo ligi ya timu. Na Saint Louis je? Walipata ubingwa kwa tangazo. Fainali yenyewe hawakurudishiwa. Hakuna ule mchezo wa mwisho ambao unashika kichwa, saa inakwisha, halafu mwenzako anapiga kelele. Hapo kila upande ulipoteza kitu.

La pili, mwizi wa chesi haibi kombe peke yake. Anaiba pia uwezo wetu wa kukubali kushindwa. Kabla yake, ukichapwa ulikuwa unajua umechapwa. Baada yake, kila kichapo kina mlango wa nyuma: labda jamaa alikuwa na injini. Na ule mlango ni mtamu, manze. Ukishapitia hapo, huhitaji kuangalia makosa yako tena.

Mtasema wezi wapo kweli. Wapo. Hata hapa kwetu, 2023, kwenye Kenya Open Nairobi, kuna kijana alivaa buibui na miwani, akajisajili kama mwanamke, akaanza kuchapa wachezaji wazuri wa kitengo cha wanawake. Dunia nzima ilituandika. Lakini kumbuka alivyoshikwa. Maafisa waliona mambo hayaingiani, wakamwita pembeni, wakamuuliza, akakubali. Halafu hatua za nidhamu zikafuata. Hakushikwa na komenti yako.

Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka tuione. Kushuku si dhambi. Kuna kitufe cha kuripoti, kuna waamuzi, kuna watu ambao kazi yao ni kulinganisha hatua za mchezaji na za injini, mchezo baada ya mchezo. Ukishuku, peleka huko, kisha nyamaza usubiri. So alikuwa sahihi 2020, lakini kwa kila So mmoja kuna maelfu ambao wamechapwa tu kihalali na hawataki kusema.

Na anayeshukiwa bure ni mtu. Daniel Naroditsky, mkuu wa chesi wa Marekani ambaye wengi wetu tulijifunza kwa video zake, alikufa Oktoba 2025 akiwa na miaka 29. Kwa miezi mingi kabla ya hapo, Vladimir Kramnik, bingwa wa dunia wa zamani, alikuwa akimshuku hadharani. Hakuna udanganyifu uliothibitishwa. Sisemi tuhuma ndizo zilimuua, sina haki ya kusema hivyo. Nasema alizibeba, na yeye mwenyewe alisema zilimchosha. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo hali moja naijua: watu ambao hawajawahi kukuuliza swali hata moja wakishaamua stori yako ni ipi, hakuna unachosema kinawafikia.

Turudi kwa kichapo chenyewe. Kwenye ligi ya timu, kupoteza 8.5 kwa 7.5 ni kitu cha ajabu. Ni nusu pointi imekutoa upande wa pili. Droo moja tu ingegeuka ushindi, mngekuwa sare 8 kwa 8. Kwa hivyo huwezi kumnyooshea kidole msee wa bodi ya nne peke yake, hata kama yeye ndiye alicheza mwisho. Katika ile michezo 16, kila mmoja wa wanne aliacha nusu pointi mahali. Mmoja alikubali droo akiwa mbele kwa sababu saa ilimtisha. Mmoja alisahau mpango aliokaririshwa. Mmoja alilala saa nane usiku. Hayo ndiyo mazungumzo yanayojenga timu, na hayawezi kuanza kama kila mtu amekimbilia neno "injini".

Sisi mashabiki pia tuna kazi yetu. Timu yako ikitolewa, fungua mchezo mmoja tu. Mmoja. Utafute hatua ambayo mambo yalianza kuharibika kabla ya kuuliza programu. Utashangaa. Mara nyingi si ile hatua ya mwisho iliyofanya watu wapige kelele. Ni kitu kidogo hatua kumi nyuma, kikete kilichosogezwa bila sababu.

Wazee walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Walisema hivyo kabla ya simu na kabla ya bando, na bado inatushika. Kama hutaki kamwe kuamini kwamba mtu anaweza kukushinda kihalali, basi wewe hutaki mchezo, unataka cheti.

Wakati mwingine timu yenu ikitolewa, andikeni "hongera" kwanza. Kama kuna wizi, ripotini na mwache walio na kazi hiyo wafanye. Kama hakuna, mtakuwa mmebaki na kitu ambacho Saint Louis hawakupewa 2020: matokeo yaliyoamuliwa pale ubaoni. Hata yakiwa mabaya, hayo ni yenu.