Tusikilize Pamoja: Mtu Mmoja na Piano Yake

Wengi hudhani kwamba jazi ni ngoma na tarumbeta tu, tena makelele. Leo twawaletea santuri isiyo na ngoma wala tarumbeta: «Thelonious Alone in San Francisco». Mpigaji ni Thelonious Monk, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa mwaka wa 1917, akafariki mwaka wa 1982.

Mwezi wa Oktoba 1959, kwa siku mbili, aliketi peke yake mbele ya piano katika ukumbi wa Fugazi, akapiga nyimbo 10. Sita alizitunga mwenyewe. Nne ni za watu wengine, zilizokwisha kuzoewa, mojawapo «Remember» ya Irving Berlin, ya mwaka wa 1925.

Tutege masikio vema. Mkono wa kushoto waenda kwa mwendo wa wapigaji wa kale wa Harlem: washuka kwenye sauti nene, kisha waruka juu. Mkono wa kulia hauna haraka. Pengine wagonga vibao viwili vilivyo jirani kwa pamoja, hata msikilizaji adhani mtu amekosea. Kumbe aitafuta sauti ikaayo katikati ya vibao hivyo, ambayo piano haina. Halafu anyamaza, na kunyamaza kwenyewe ni sehemu ya wimbo. Hivyo wimbo wa zamani wavunjwa na kujengwa upya, nasi twausikia kana kwamba ni mara ya kwanza.

Ufundi huo haukupatikana bure. Tangu mwaka wa 1951 mpaka 1957 Monk hakuwa na kibali cha polisi, na pasipo hicho hakuna aliyeruhusiwa kupiga muziki katika vilabu vya New York vilivyouza vileo. Mkewe, Nellie, ndiye aliyefanya kazi ili nyumba yenye watoto wawili ipate kula. Monk naye hakuuacha mtindo wake ili apendwe. Nellie alipougua mwaka wa 1957, mumewe alimtungia wimbo «Crepuscule with Nellie».

Enyi wazazi, mkiwa na mtoto apigaye ala kwa namna yake, msifanye haraka kumcheka. Tena wahenga walisema: kidole kimoja hakivunji chawa. Katika santuri hii twasikia mtu mmoja tu, lakini nyuma yake palikuwa na nyumba nzima.