Simba wa Pongwe na wamiliki wake watano

KATIKA maduka ya vifaa vya ujenzi ya Tanga, Muheza na Korogwe, mnunuzi wa saruji huomba Simba na kuondoka zake. Ni nadra kuuliza Simba huyo ni wa nani. Swali hilo lina jibu refu, na jibu lake linagusa bei ya kila tofali.

Kiwanda cha Tanga Cement kilichopo Pongwe, nje kidogo ya jiji, kilianza uzalishaji mwaka 1980 kikiwa mali ya umma. Kilijengwa pale kwa sababu moja kubwa: mawe ya chokaa yanapatikana kwa wingi katika eneo hilo. Viwanda kadhaa vya Tanga vya zama hizo, kikiwamo cha mbolea, havikustahimili dhoruba ya miaka ya 1990. Saruji ilinusurika, ila kwa kubadili mwenyewe.

Mwaka 1996 serikali iliuza hisa nyingi za kampuni hiyo kwa Holderbank ya Uswisi, ambayo baadaye ilijiita Holcim. Mwaka 2002 kampuni iliorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, na wananchi wa kawaida wakaweza kumiliki kipande cha Simba. Holcim ilipojiondoa Afrika Kusini, kampuni iliyozaliwa huko kwa jina la AfriSam ndiyo iliyobaki na usukani wa Pongwe.

Jambo hili si la saruji peke yake. Sega, kampuni ya michezo ya video ambayo wengi huiona ni ya Kijapani tangu kuzaliwa, ilianzishwa na Wamarekani, ikanunuliwa na Gulf and Western mwaka 1969, ikaenda kwa CSK ya Japani mwaka 1984, na mwaka 2004 ikaunganishwa na Sammy. Jina halikuguswa. Wenye mitaji wanajua kwamba nembo ndiyo inayopendwa na mteja, hivyo huiacha.

Tofauti ni kwamba mchezo wa video si lazima kuununua. Saruji haina mbadala kwa anayejenga.

AfriSam ilifanya jambo moja la maana kubwa, nalo ni tanuri la pili, lililoanza kazi mwaka 2016. Kabla ya hapo kiwanda kililazimika kuagiza klinka kutoka nje. Lakini tanuri lilikuja na mikopo mizito, wakati Dangote akiwa ameshaingia Mtwara na bei zikiporomoka. AfriSam yenyewe ilikuwa imelemewa na madeni kwao.

Ndipo Oktoba 2021 Scancem, kampuni tanzu ya Heidelberg ya Ujerumani, ilipotangaza kununua asilimia 68.33 ya hisa. Hapo palikuwa na tatizo la wazi: Heidelberg ndiyo mmiliki mkuu wa Twiga Cement ya Wazo Hill. Simba na Twiga wangelala zizi moja. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inahesabu sehemu ya soko inayozidi asilimia 35 kuwa kipimo cha kampuni kuhodhi soko. Tume ya Ushindani iliruhusu kwa masharti. Septemba 2022 Baraza la Ushindani likatengua, baada ya Chalinze Cement na watetezi wa walaji kukata rufaa. Hata hivyo, mwaka 2023 mauzo yalikamilika.

Kilichofuata kiliwashangaza wengi. Mwaka 2024 Scancem iliuza asilimia 65 kwa Amsons, kundi la Kitanzania lenye saruji ya Camel. Hofu ya Twiga kummeza Simba ikapungua, na kiwanda kikarudi mikononi mwa wenyeji, safari hii wafanyabiashara na si serikali.

Lakini Amsons alikuwa ameshanunua Mbeya Cement kutoka kwa Holcim, mmiliki yule yule wa zamani wa Pongwe, na Desemba 2024 akakamilisha ununuzi wa Bamburi ya Kenya. Kwa miaka mingi Tanga na Mombasa zilitenganishwa na mpaka wa Horohoro na pia na wamiliki tofauti. Sasa umebaki mpaka tu, na mwenye kuamua saruji ya kiwanda kipi iuzwe upande upi ni mmoja.