Si Kila Uso Uliokunjamana Una Huzuni

Limezuka miongoni mwetu dai ambalo kwa wingi wa kurudiwa limekaribia kupewa hadhi ya ukweli: kwamba Kiswahili ni maskini wa vivumishi, na kwamba mfasiri akutanapo na sifa ya mtu katika Kiingereza hana budi kuazima au kunyamaza. Ushahidi upendwao mno ni ule wa maneno yahusuyo uso wenye kiza. Kiingereza, twaambiwa, kina lugubrious, morose, sullen na saturnine. Sisi tuna "mwenye huzuni", basi. Dai hili ni la uongo, na ubaya wake mkubwa ni kuwa wanaolieneza ndio haohao walifanyao lionekane kweli.

Tuyatazame maneno yenyewe. Peter Mark Roget, tabibu wa London, alipotoa kitabu chake maarufu cha visawe mwaka 1852, aliyapanga maneno kwa fikra zinazokaribiana, wala hakuyapanga kwa alfabeti. Kukaribiana si kulingana. Majirani hukaa mtaa mmoja, lakini kila mmoja ana mlango wake.

Lugubrious asili yake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuomboleza. Hata hivyo, ajuaye Kiingereza halitii katika barua ya rambirambi, kwani lina chembe ya dhihaka: huelekea huzuni iliyopindukia, mara nyingi huzuni ya kujionyesha. Sullen limetoka katika upweke. Ni mtu aliyejifungia na hasira yake, hataki kusema. Morose limetokana na neno la Kilatini la mwenendo. Ni tabia iliyokwisha kuota mizizi, si msiba wa leo. Saturnine ni urithi wa wanajimu, waliosema kuwa aliyezaliwa chini ya Zohali huwa mzito, baridi na mwenye kiza.

Je, ni kweli sisi hatuna kitu? Aliyejinunia kimya ni msununu. Ambaye kununa ndiyo desturi yake tunamwita mtu wa kisirani. Zohali tunaijua kwa jina, na wanajimu wa pwani hii wameihesabu kuwa nyota ya nuhusi. Ama yule wa kwanza, lugha yetu imemwandalia kitu bora kuliko kivumishi, nacho ni kitenzi: amejitia huzuni. Amevaa uso wa matanga na hapana maiti. Waliotutangulia walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Huyu ni wa mbali aliyemtangulia mfiwa.

Hapo ndipo penye kosa la wapimaji wetu. Wanatafuta kivumishi, na wasipokiona hutangaza kuwa hapana maana. Kiswahili mambo haya hukiachia kitenzi na mwili: mtu ameshika tama, ameinamia, amekunja uso, amenyong'onyea, amesawijika. Kila kimoja ni hali yake. Anayeyakusanya yote akayaita huzuni hana haki ya kuilaumu lugha kwa umaskini aliouzua mwenyewe.

Na hasara yake si ndogo. Katika Oliver Twist, riwaya ya Charles Dickens iliyoanza kutolewa kwa sehemu mwaka 1837, yupo mfanyabiashara wa mazishi aitwaye Sowerberry. Anamtazama yatima Oliver, anaona majonzi yaliyo usoni mwake yanafaa kwa biashara, na anamfanya atangulie mazishi ya watoto. Majonzi ya mtoto yule ni ya kweli. Maonyesho yanayotengenezwa kwayo ni ya kukodiwa. Mfasiri atakayetumia "huzuni" kwa yote mawili atakuwa ameufuta ukatili ambao mwandishi alikusudia tuuone.

Nimepata kuona karatasi ya mwanafunzi aliyefasiri lugubrious kwa maneno "aliyejitia uso wa msiba". Alikatwa alama kwa kalamu nyekundu, na pembeni pakaandikwa: "mwenye huzuni". Mtoto alikuwa amesikia lugha zote mbili. Mwalimu alikuwa amesikia moja, na hiyo moja kwa sikio la kamusi. Mtoto huyo atajifunza nini, ila kuwa maneno ya bibi yake hayafai kuandikwa?

Lakini nisiwalaumu walimu na wafasiri pekee, nikawaacha washairi wenzangu wakicheka. Nasi tuna dhambi yetu. Huzuni, majonzi na simanzi yote yana mizani tatu; ndiyo maana tunayabadilisha kama chenji mfukoni. Kina kikiwa "ni", tuna huzuni. Kikiwa "nzi", tuna majonzi. Ikipungua mizani moja, jitimai hulazimishwa kuingia. Mara ngapi tumejiuliza kama aliyefiwa, aliyeachwa na aliyedhulumiwa wanahisi jambo moja? Sononeko hula ndani kwa ndani. Ukiwa ni wa aliyebaki peke yake. Mshairi anayechagua baina ya hayo kwa kuhesabu silabi tu hana tofauti na yule mwenye kalamu nyekundu.

Arudhi haikukusudiwa iwe kisingizio. Mizani kumi na sita za mshororo ni nafasi ya kutosha kwa neno stahiki, nalo likikataa kuingia, ni mshororo unaopaswa kuvunjwa na kujengwa upya. Basi kabla hatujaenda kudai kuwa Kiswahili hakina, na tufungue kasha tuhesabu kilichomo. Hatutakuwa na haki ya kuomba kwa jirani ilhali yetu yamo ndani, yameliwa na nondo kwa kutovaliwa.